Daraja la Orvo Haapala

Waraka ulishuka kutoka ghorofa ya nne mwezi wa Machi,
barafu bado imeukaba mfereji wa Duluth:
kazi zote za jiji zitapimwa upya,
kila cheo kipandishwe kwenye mizani,
kila mtu ajaze kurasa kumi na moja
kwa wino mweusi.

Mimi ndiye niliyezichapa. Karani, daraja la tano.
Fomu mia nane na sita,
nikizihesabu kwa kidole nilichokivika mpira.

Zikarudi, kila moja na harufu ya kwao.
Ya Wendell Strom wa mabomba ilikuwa imejikunja kwa unyevu.
"Eleza mazingira ya kazi yako."
Amejibu: "Shimo. Januari."
Ya Thea Bergquist wa maktaba ilijaa hadi pembezoni:
kuazimisha vitabu, asilimia sitini;
kuwaamsha waliolala vitini kabla hatujafunga, kumi;
kutafuta miwani za watu, saba;
na mara mbili mwaka huu, kumpulizia mtu dawa puani
mpaka pumzi imrudie.
Hapo hakuandika asilimia.
Hesabu yake ilikomea sabini na saba,
na kanuni yasema fomu isiyofika mia irudishwe.
Nikajaza ishirini na tatu kwenye "mengineyo",
nikagonga muhuri.

Ya Orvo Haapala ilikuja ya mwisho.
Orvo hukaa kibandani, katikati ya vyuma,
akiinua daraja meli za madini zipite,
meli ndefu kuliko mtaa ninaoishi.
Siku ya kiangazi hulipandisha mara ishirini na tano.
Daraja lake mwenyewe halijapanda
tangu mjukuu wake anaota meno,
na mjukuu sasa ana leseni ya gari.

"Unasimamia watu wangapi?" Hakuna.
"Bajeti ya kiasi gani?" Hakuna.
"Uamuzi gani unaufanya bila kumwuliza mkubwa wako?"
Ningoje, au niinue.
"Ukikosea, hutokea nini?"
Hapo fomu imeacha mstari mmoja.
Naye akauacha vilevile.

Mkono mtupu haulambwi,
na mstari mtupu haulipwi.
Bi. Rosalind Achter, mshauri wa kukodiwa,
aliingiza sifuri kwenye kompyuta yake,
na Orvo akaangukia kapu moja na walinzi wa maegesho:
"wabonyeza vitufe".
Sina neno na maegesho. Binamu yangu yuko huko.

Rufaa ilisikilizwa Mei, saa tatu asubuhi.
Orvo alivaa tai, fundo limekaa upande.
Tulimngoja Bi. Achter dakika ishirini na mbili;
hoteli yake iko ng'ambo ya mfereji.
Aliingia akihema: "Samahani, daraja lilikuwa juu."

"Kabla halijainuka," Orvo akauliza,
"kulikuwa na mtu anavuka kwa miguu?"
Akafikiri. "Mwanamke mmoja. Na mbwa."
"Mbwa wa aina gani?"
"Mzee. Alikuwa anakaa chini kila hatua tatu."
"Na meli ilikwisha kupiga honi?"
"Mara mbili."
Orvo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa salamu za nyumbani.
"Basi kijana wangu alimngoja mbwa.
Mbele yake chuma tani elfu sitini, haina breki,
upepo wa kaskazini-mashariki ubavuni,
na alimngoja mbwa.
Huo ndio mstari ule, mama.
Sikujua niuandikeje."

Hakuna aliyesema kitu. Mashine ya kahawa ilinguruma.

Kumbukumbu nimezichapa mimi.
Kanuni ni kuandika uamuzi peke yake:
amepandishwa nusu ngazi,
dola arobaini na moja kwa mwezi, kabla ya kodi.
Mbwa nimemwacha ndani, ukurasa wa tatu.
Hakuna aliyemtoa, maana hakuna anayesoma hadi huko.

Fomu yangu bado iko drooni.
"Ukikosea, hutokea nini?"
Nimeandika: "Sifuri husomwa sifuri."
Nimekata.
Naanza tena.